Majimbo ya 1963 na kaunti za 2010

Kenya imegawa madaraka mara mbili. Katiba ya uhuru ilileta majimbo saba, kila moja na bunge lake, Nairobi ikabaki eneo la pekee. Hayakudumu hata miaka miwili: serikali kuu iliyabania fedha, na nchi ilipokuwa jamhuri Desemba 1964 yakavunjwa.

Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47 na, kubwa zaidi kwangu, ikaandika fungu lao: si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Gavana huchaguliwa na wananchi wenyewe. Dawa zikikosekana kwenye zahanati, mama mwenye mtoto mgongoni anajua mlango wa kubisha. Ila pesa zikichelewa kutoka hazina, kaunti nayo hukwama, kama jimbo lilivyokwama.