Kebo ya kuprogramu redio ya upepo: ulizia chipu kwanza

Malalamiko ya wasomaji yanafanana. Redio ya upepo imefungwa kwenye gari, programu ya kuipangia chaneli imewekwa kwenye kompyuta, kebo imechomekwa, halafu kompyuta inasema redio haijibu. Mtu anabadilisha programu, anabadilisha kompyuta, wengine wanafikia kuifungua redio yenyewe. Mara nyingi mkosaji ni kebo, tena kidude kilichofichwa ndani ya plagi yake: chipu inayogeuza USB kuwa poti ya COM, yaani mlango ambao programu hutumia kuongea na redio.

Kwa hiyo urefu wa waya sitaugusa. Aina ya plagi utaiona kwenye kitabu cha redio yako. Nyingi za gari hupitia tundu la maiki la pini 8, linalofanana na la mtandao wa kompyuta, ila usije ukaichomeka kwenye ruta.

Namba moja ni kebo yenye chipu ya FTDI. Naipendelea, na sifichi. Windows huipatia yenyewe draiva, yaani programu ndogo ya kuitambua chipu, Linux haiulizi kitu, na ukishaiweka unaisahau. Ubaya wake ni kwamba kuna chipu feki zinazouzwa kwa jina lake. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ilitoa draiva iliyosambazwa kupitia Windows Update na kuzibadilisha chipu feki namba ya utambulisho kuwa sifuri, kompyuta zikaacha kuzitambua. Watu waliilaani FTDI. Mimi ningeanza na aliyeuza feki kwa jina la mwenzake.

Ya pili ni CP2102 ya Silicon Labs, na nyuma yake kidogo CH340 ya WCH. Hii CH340 ni ya bei ya chini na haijifanyi kitu kingine. Wekea draiva, fanya kazi.

Mkiani ziko kebo za bei ya kutupa zenye PL2303 ya zamani au ya kuiga. Prolific, watengenezaji wake, waliacha kulitegemeza toleo la zamani la PL2303HXA, na draiva zao mpya zinaikataa waziwazi: pembetatu ya njano, Code 10, au maneno kwamba hii si Prolific, wasiliana na aliyekuuzia. Aliyekuuzia yupi, wakati duka lenyewe limeshabadilisha jina? Dawa inayojulikana ni kurudi kwenye draiva ya zamani, 3.2.0.0. Inafanya kazi mpaka Windows ijisasishe na kukurudishia ile mpya, nawe unaanza upya.

Kinachonikera hasa ni wauzaji. Tangazo linasema “inafaa Windows zote”. Uliza chipu gani, unatumiwa picha ya plagi. Uliza tena, unaambiwa “original, boss”. Kebo ileile ikibandikwa stika ya kampuni ya redio, bei inaruka, na ndani huenda ni chipu ileile. Asiyejua chipu ya kebo anayoiuza simnunulii.

Kebo ikifika, ikague kabla muda wa kuirudisha haujaisha. Fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za poti, kisha Hardware Ids. Herufi zinazofuata VID, yaani namba ya mtengenezaji, ndizo zinazosema: 0403 ni FTDI, 10C4 ni Silicon Labs, 1A86 ni WCH, 067B ni Prolific. Feki huiga namba hizi pia, lakini angalau utamkamata aliyekuahidi FTDI akakuletea 067B.

Hapohapo tazama namba ya COM. Programu za zamani za redio, hasa zile za enzi za DOS, haziangalii zaidi ya COM4, na Windows inaweza kuipa kebo yako COM11 bila kukuuliza. Ibadilishe kwenye mipangilio ya poti. Kwa redio ya mkononi, sukuma plagi mpaka ilie, maana kava nyingine huizuia isizame na programu inakwambia redio haijibu. Kisha soma kilichomo kwenye redio na ukihifadhi kwenye faili kabla ya kuandika chaneli hata moja.