Uzoefu wangu na ddrescue: video za harusi zilivyorudi Mtwara

Studio yetu iko Chikongola. Korosho zikishalipwa, huku harusi zinafuatana, na video zote nilizihifadhi kwenye kompyuta ya Linux yenye diski 2 za TB 2, nimeziunganisha kwa RAID 0, mpangilio unaogawa data kwenye diski zote mbili bila kuweka akiba. Nakala nyingine sikuwa nayo. Siku moja umeme ulikatika mara tatu, na uliporudi diski ya pili ikawa haisomeki vizuri. Mama mmoja wa Mikindani alikuwa anasubiri video ya binti yake.

RAID 0 haina huruma. Kwa kawaida mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, hukata data vipande vya KB 512, kimoja diski hii, kinachofuata ile. Picha ya MB 4 ni vipande 8, vinne kila upande. Diski moja ikifa, ile nzima inabaki na nusunusu zisizofunguka. Fundi mmoja alinishauri niunde RAID upya kwa mdadm --create. Nashukuru sikufanya, maana amri hiyo huandika juu ya kumbukumbu za mpangilio wa zamani.

Nilinunua diski mpya, nikaweka ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu, ni ya bure, kwenye Ubuntu kifurushi kinaitwa gddrescue), nikaandika:

ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdd ramani.map

Diski mbovu hutangulia, mpya hufuata. Ukizigeuza umefuta kila kitu, kwa hiyo nilihakiki kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, mara mbili. Programu hii huvuna kwanza sehemu nzima, mbovu inaziruka, na kila ilipofika inaandika kwenye ile ramani, niliyoiweka kwenye flashi. Usiku umeme ukakatika tena. Asubuhi nikarudia amri ileile, ikaendelea ilipoishia! Kwa hilo tu naipa nyota tano.

Duru ya pili, kwa -r3 (kurudia mara tatu), ilikula siku mbili kung'ang'ania sehemu mbovu. ddrescue haina dirisha la kubofya, ni amri tupu, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Asiyezoea atahangaika.

Kisha nilichomoa diski mbovu, kwa sababu nakala hubeba utambulisho uleule, nikaunganisha kwa mdadm --assemble --readonly. Ext4, mfumo wa faili wa diski hizo, ilikataa kufunguka mpaka nilipoweka -o ro,noload (kusoma tu, bila kukamilisha uandishi uliokatika). MB 9 hazikusomeka kabisa. Video moja ya sindimba inakwama sekunde chache.

Ya Mikindani ilitoka nzima. Nikapiga simu: "Shikamoo mama, video ipo."

"Marahaba mwanangu. Naifuata leo leo."