Wordfence ya bure kwa tovuti ndogo: inatosha, ila usiiache ilivyokuja

Tovuti nyingi ndogo za WordPress hapa Uganda, iwe ya shule Jinja, ya SACCO Mbarara au ya watembeza watalii wa gorila Kisoro, zimewekewa Wordfence kisha zikaachwa hivyo hivyo. Plagini hii ya usalama, ya kampuni ya Defiant ya Marekani, ni nzuri, na toleo lake la bure linazitosha tovuti za aina hiyo. Kasoro iko kwenye mipangilio inayokuja nayo.

Anza na ukurasa wa kuingilia. Ilivyokuja, mtu hufungiwa akikosea nenosiri mara 20 ndani ya saa 4. Ishirini ni nyingi mno, weka 5. Muda wa kufungiwa nao upunguze hadi dakika 30. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP, kwa hiyo mwalimu mmoja akikosea nenosiri kwa bando lake, wenzake walio kwenye mtandao huo huo wanaweza kufungiwa pamoja naye. Kinachomzuia mwizi kweli ni uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na namba ya muda mfupi inayotoka kwenye programu ya simu), nao haulipiwi. Washa kwa kila msimamizi, hakikisha saa ya simu inajirekebisha yenyewe (ikipotea dakika chache, namba zinakataliwa), kisha chapisha zile namba 5 za akiba za kuingilia simu isipokuwepo, uziweke kabatini. Simu ikiibiwa Taxi Park, namba zilizohifadhiwa ndani yake zimekwenda nayo.

Ukitumia pia Cloudflare, huduma inayowapokea wageni kabla hawajafika kwenye seva yako, nenda kwenye sehemu ya kutambua IP uchague kichwa cha CF-Connecting-IP. Wordfence isipojua hilo, wageni wote huonekana wanatoka kwa Cloudflare, na kumfungia mmoja ni kufunga mlango kwa umati.

Ukuta wa ulinzi (firewall) wa Wordfence hukaa wiki moja ukijifunza kabla ya kuanza kuzuia. Wiki hiyo fanya kazi zako zote za kawaida: pakia picha, jaza fomu, hariri kurasa. Usiuwashe kwenye tovuti ambayo tayari imevamiwa, maana utazoea na mwenendo wa mvamizi. Kisha bonyeza kitufe cha kuuboresha, ili uamke kabla ya WordPress yenyewe. Bila hatua hiyo, plagini yenye tundu inaweza kushambuliwa moja kwa moja ukuta ukiwa bado umelala.

Hapo ndipo wanaohamisha tovuti hukwama. Kitufe hicho huandika kwenye faili la .user.ini mstari wa auto_prepend_file, wenye njia kamili ya kufikia wordfence-waf.php. Ukihamia hosti nyingine njia hiyo inakuwa haipo tena, na tovuti nzima inakufa kwa kosa la PHP. Dawa: fungua .user.ini kwenye kidhibiti faili cha cPanel (paneli ya kusimamia hosti), futa mstari huo, subiri dakika 5 kwa sababu PHP hulisoma faili hilo kwa vipindi, kisha uboreshe ukuta upya. Afadhali zaidi ni kuuondoa uboreshaji kabla ya kuhama.

Ukaguzi wa faili ni mzuri: hulinganisha WordPress, mandhari na plagini zako na nakala zilizoko wordpress.org. Plagini za kulipia hazimo humo, na zile za wizi zinazogawiwa kwenye magrupu ya WhatsApp ndizo hasa za kuogopa. Ukaguzi ukikatika katikati kwenye hosti ya bei nafuu, washa hali ya kutumia nguvu kidogo ya seva. Utachukua muda mrefu zaidi, lakini utamaliza.

Wordfence haitunzi bakapu, wala haimzuii mtu kunakili makala na picha zako. Plagini za kuzima kitufe cha kulia cha kipanya nazo hazimzuii. Zinawasumbua wasomaji tu.

Tofauti kubwa ya toleo la kulipia ni muda: kanuni mpya za ulinzi hulifikia toleo la bure siku 30 baadaye. Kwa blogu au saluni, kusasisha plagini kila wiki kunaziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Tovuti inayokusanya taarifa za wanafunzi au wanachama iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayotaka uvujaji uripotiwe mara moja. Mwenye tovuti ya namna hiyo alipie.