Uzoefu wangu na hizi tovuti za kupima umbali na muda wa ndege: kilomita sawa, dakika uongo

Jamani ngoja niseme hili maana limeniponza. Nilikuwa nasafiri kati ya viwanja viwili vidogo vya mikoani, nikaingia kwenye tovuti moja ya kupima umbali, unaandika vile vifupisho vya herufi tatu vya viwanja vya ndege inakuletea namba. Ikaniletea 227. Nikajua kilomita 227, nikasema aah si hapo tu. Kumbe kando kuna kamstari kadogo, hizo ni maili za baharini ambazo ndo marubani wanatumia, moja ni kilomita 1.852, kwa hiyo ni kama kilomita 420. Muda wa kuruka ikaandika dakika 32. Mi nikamwambia dada naondoka saa 4:10 asubuhi, njoo unichukue, ni nusu saa tu.

Sasa dakika 32 zimetokea wapi? Baadae nikapiga hesabu, 420 gawa kwa 800, basi. Yaani wanachukulia ndege zote ni jeti inayokimbia kilomita 800 kwa saa tokea inapowashwa mpaka inapozimwa. Ya kwetu ilikuwa ATR 72, mapangaboi mawili, hiyo ikikazana sana ni kilomita 500 na kidogo. Af wamepima mstari mmoja ulionyooka juu ya mgongo wa dunia, wakati ndege inaruka ikiangalia upande wa upepo, inazunguka, ndo inashika njia, na kule mwisho inazunguka tena ijipange itue.

Siku yenyewe nilikaa dirishani na simu mkononi nikawa naandika (sikuwa na kazi nyingine). Ilianza kusogea 4:12, ikatembea chini taratibu mpaka mwisho wa uwanja, matairi yakaachana na ardhi 4:23, yakagusa tena 5:17, tukasimama kabisa 5:24. Hewani dakika 54, jumla saa 1 na dakika 12. Na tiketi ilikuwa imeandika kufika 5:30, nilikuwa nayo mfukoni muda wote sikuiangalia, nimeamini tovuti! Tiketi inahesabu tokea ndege inaposogea mpaka inaposimama na wanaongezea dakika kidogo za akiba, ndo maana tulichelewa kuondoka na bado tukafika mapema.

Dada alifika pale saa 4:40. Kanikuta natoka na begi saa 5 na dakika 40 ananiangalia tu, "we si ulisema nusu saa?" Sikuwa na jibu.

Kwenye kilomita siwalaumu, nimelinganisha na ramani mbili zinakubaliana. Muda ndo usiguse, labda kama unapanda jeti ya masafa marefu, huko dakika za kupanda na kushuka zinamezwa na safari. Kwa hizi fupi mi siku hizi nachukua kilomita zao, naangalia kwenye tiketi ni ndege gani, kama pangaboi nagawa kwa 500 naongeza nusu saa. Ile ya kwangu ingetoka saa 1 na dakika 20, sawasawa na tiketi.

Nimewaandikia waweke sehemu ya kuchagua aina ya ndege. Likaja jibu la mashine la kunishukuru kwa maoni, na nimeingia jana bado 32.