Kukodi mpaka kiwe chako, au kukopa?

Watu wanachanganya sana hivi vitu viwili. Ukinunua friji kwa mkopo ni yako toka siku ya kwanza, na deni nalo ni lako hata ukiichoka. Ukikodi mpaka umiliki mara nyingi unaweza kuirudisha na miezi iliyobaki hudaiwi, hapo afadhali, ila ukikwama karibu na mwisho wenye duka wanaibeba na hela yote uliyolipa imeenda, hii ndo inaniuma kwa kweli. Marekani majimbo mengi yanauhesabu mkataba huu kama ukodishaji sio mkopo, so riba huikuti imeandikwa kwa asilimia, we zidisha malipo ya wiki kwa idadi ya wiki zote ndo ulinganishe na bei ya keshi. Uingereza sheria ya mikopo ya wateja ya 1974 inasaidia, ukishalipa theluthi moja ya bei yote ya mkataba hawaichukui bila amri ya mahakama.