Kubuti kompyuta kwa mtandao kupitia MikroTik hEX: uzoefu wangu

Ninaitumia hEX (RB750Gr3), ruta ndogo ya MikroTik, kwenye maabara ya kompyuta zisizo na diski, na kwa kazi hii naipa maksi za juu, ilmradi usiibebeshe mzigo mzito. Hifadhi yake ya ndani ni MB 16 tu na RouterOS, mfumo endeshi wa ruta, imeshakalia sehemu kubwa. Kwa hiyo ruta hugawa anwani (kwa DHCP) na faili dogo la iPXE, programu ya kubuti kwa mtandao (kwa TFTP, njia rahisi ya kutuma faili); mfumo wenyewe unashushwa kwa HTTP kutoka kompyuta nyingine. TFTP hutuma kipande kimoja na kusubiri jibu kabla ya kingine, hivyo faili la mamia ya MB litakuchosha kulingoja.

Pakia undionly.kpxe, ambalo ndilo faili la iPXE, kwenye ruta kwa scp (amri ya kunakili faili), kisha ingia kwa SSH utoe amri hizi:

/ip dhcp-server network set [find address="192.168.88.0/24"] next-server=192.168.88.1 boot-file-name=undionly.kpxe

/ip tftp add ip-addresses=192.168.88.0/24 req-filename=undionly.kpxe real-filename=undionly.kpxe allow=yes read-only=yes

Kwa mashine za BIOS, yaani za zamani, inatosha. Kasheshe ni UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, kwa sababu haiwezi kuendesha undionly.kpxe. Kwenye toleo la 7 la RouterOS ninazitenga mashine hizo kwa option 93, ambamo mashine hutaja aina yake:

/ip dhcp-server option add name=efi code=67 value="'snponly.efi'"

/ip dhcp-server option sets add name=uefi options=efi

/ip dhcp-server matcher add name=uefi server=defconf address-pool=default-dhcp code=93 value=0x0007 option-set=uefi

Angalia vizuri alama za nukuu: moja-moja ziko ndani ya mbili-mbili. Ukiziacha zile za ndani, ruta haitajua kwamba hayo ni maandishi, nayo itagoma. Faili la snponly.efi (iPXE ya UEFI) nalo liongezee mstari wake wa TFTP, na uzime Secure Boot, maana iPXE isiyo na saini itakataliwa.

Mashine ikiandika PXE-E53, haikupewa jina la faili: rudi kwenye DHCP. PXE-E32 maana yake jina limefika ila TFTP haijibu. Hapo piga /ip tftp print utazame hits (idadi ya maombi). Zikibaki sifuri, ombi halijafika, na mara nyingi sababu ni VLAN mpya (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao) isiyoingizwa kwenye orodha ya LAN, hivyo fayawoli inatupa UDP 69 (mlango wa TFTP). Iingize kwa /interface list member add.

Tatizo jingine ni iPXE kujipakia yenyewe bila kikomo: ikiomba DHCP upya hupewa faili lile lile. Dawa ninayoiamini ni kuijenga ikiwa na skripti ndani (EMBED=anza.ipxe), yenye mistari mitatu tu:

#!ipxe
dhcp
chain http://192.168.88.5/menyu.ipxe

Hiyo 192.168.88.5 iko nje ya anwani zinazogawiwa, kwani za kiwandani huanzia .10.

Kinachonikera ni logi: bila /system logging add topics=tftp, ruta haikuelezi mashine imeomba faili gani.