Kibali cha Kuijenga Upya Klabu ya Michezo: Tathmini ya Huduma ya Mipango ya Halmashauri

Klabu ya michezo ya mtaa wetu, hapa England, ilipewa kibali na halmashauri cha kubomoa jengo lake lililochakaa, kujenga jipya lenye vyumba vya kubadilishia nguo vinavyowafaa wanawake na watoto, na kuugeuza uwanja mmoja wa nyasi za kawaida kuwa wa nyasi bandia wenye taa. Niliifuatilia huduma ya idara ya mipango, inayoshughulikia vibali vya ujenzi, nikiwa mwanachama wa klabu na wakati huohuo jirani wa uwanja, kwa hiyo maslahi yangu yako pande zote mbili. Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Uamuzi wenyewe ni mzuri na umefikiriwa. Nyota mbili nimezizuia kwa sababu ya ulegevu unaoanza mara tu barua ya kibali inapotoka.

Upatikanaji wa nyaraka hauna lawama kubwa. Tangazo lililofungwa kwenye nguzo ya taa lilikuwa limelowa mvua ndani ya plastiki yake na maandishi yakifutika, lakini kila hati iliyowasilishwa iliwekwa kwenye tovuti, na umma ulipewa siku 21 za kutoa maoni kama sheria inavyotaka. Kero ni majina ya mafaili, ambayo ni tarakimu na herufi tupu, hata inabidi kuyafungua yote ili kujua lipi lina nini. Aliyevumilia alilipwa. Mchoro wa taa, kwa mfano, ulionyesha mistari ya nguvu ya mwanga ikitoka uwanjani na kupungua hatua kwa hatua hadi kwenye bustani za nyumba za jirani, kila mstari ukiwa na kiwango chake cha luksi (kipimo cha mwanga), kiasi kwamba mwenye nyumba aliweza kuweka kidole kwenye dirisha la chumba chake cha kulala na kusoma mwanga utakaolifikia.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ripoti ya ofisa wa mipango kwa kamati ya madiwani inayoamua maombi. Sera ya taifa ya mipango, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, inazuia kujenga juu ya viwanja vya michezo ila pale ambapo imethibitishwa kuwa havihitajiki, au vitafidiwa kwa vingine visivyopungua kwa ubora na wingi, au kinachojengwa ni cha michezo chenye manufaa yanayozidi hasara. Ofisa hakutaja kanuni hiyo na kupita. Alieleza kwamba uwanja wa nyasi za kawaida hujaa maji na kufungwa majira ya baridi, ilhali wa nyasi bandia hutumika jioni baada ya jioni, kisha akakubali waziwazi kwamba wachezaji wa kriketi ndio watakaopoteza, na akaeleza kwa nini hasara hiyo inavumilika. Sport England, chombo cha umma cha kuendeleza michezo ambacho sheria inailazimu halmashauri kukitaka maoni inapoguswa ardhi ya viwanja, hakikupinga, mradi masharti fulani yawekwe. Jambo hili lilikuwa zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ardhi ni mali ya halmashauri yenyewe na klabu imeikodi tu: laiti Sport England wangepinga na kamati ikataka kuidhinisha, shauri lingelazimika kupelekwa kwanza kwa waziri. Mwenye ardhi anapokuwa pia hakimu, kizuizi cha namna hiyo kinahitajika sana.

Ripoti ilikuwa na uungwana pia kwa waliopinga. Wengi waliandika kwamba thamani ya nyumba zao itashuka, hoja ambayo haihesabiwi kabisa katika mipango ya Uingereza, na ofisa aliwaambia hivyo bila kejeli, kisha akazichukua kwa uzito hoja za kelele, mwanga na maegesho ya magari.

Kuhusu kikao cha kamati sina mengi: wasemaji walipewa dakika tatu kila mmoja, mwenyekiti aliutunza muda, na diwani mmoja aliuliza swali lililostahili kuulizwa, kuhusu mlio wa mpira unapogonga uzio wa chuma usiku. Swali hilo likazaa sharti kwamba vipande vya mpira laini viwekwe kati ya wavu na nguzo ili kupunguza mtetemo.

Hayo masharti ndiyo uamuzi hasa. Anayesoma neno «imeidhinishwa» na kufunga faili hajausoma uamuzi. Humo mna saa ya kuzima taa, ambayo ni saa nne usiku. Mna mpango wa kuondoa maji ya mvua, ambao lazima ukubaliwe kabla ya mkandarasi kuchimba. Mna wajibu wa kuongeza bayoanuwai, yaani wingi wa aina za mimea na wanyama na makazi yao, kwa asilimia 10, uliowekwa kwa miradi mikubwa ya England tangu Februari 2024, na kuitunza kwa miaka 30. La maana kuliko yote, kwa maoni yangu, ni makubaliano ya matumizi ya jamii, yanayoitaka klabu itaje saa na bei ambazo shule na vikundi visivyo wanachama wake watatumia uwanja. Bila hayo, manufaa yaliyouombea mradi kibali yanabaki maneno ya mwombaji.

Na hapo ndipo huduma inaponisikitisha. Sharti la matumizi ya jamii linasema makubaliano yakubaliwe kabla ya uwanja kuanza kutumika. Uwanja unatumika, taa zinawaka, na ninapoandika haya hati hiyo haimo kwenye tovuti. Niliiandikia idara, nikajibiwa kwamba malalamiko yanashughulikiwa kwa kufuata uzito wake. Jibu hilo ni halali, kwa sababu sheria inaiachia halmashauri hiari ya kuchukua hatua au kutochukua, lakini halimsaidii mwalimu anayetaka kujua kama wanafunzi wake watapata saa moja Jumatano.

Jirani naye hana mlango mwingine wa maana. Sheria ya mipango ya mwaka 1990 inampa mwombaji aliyekataliwa haki ya kukata rufaa kwa wakaguzi wa serikali, ila haimpi haki hiyo aliyepinga. Kwake imebaki mahakama, ndani ya wiki sita, na kwa kosa la kisheria tu. Zaidi ya hayo, chini ya kifungu cha 73 cha sheria hiyo klabu inaweza kuomba sharti libadilishwe, hata lile la saa nne usiku, na mtu asiyejiandikisha kupokea arifa za tovuti anaweza asijue mpaka muda wa maoni umekwisha. Kujiandikisha ni bure, na ni vizuri kufanya hivyo siku ileile kibali kinapotolewa.

Nyota moja nitairudisha siku makubaliano hayo yatakapowekwa hadharani, yakiwa na bei zake.